Msaada au Taka: Safari ya Kompyuta Kuukuu Kuja Afrika

Jumatatu ya tarehe 27 Novemba 2006, wajumbe wa serikali kutoka kila bara waliingia katika kumbi za Gigiri, Nairobi, yaliko makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Walikuja kwa mkutano wa nane wa nchi wanachama wa Mkataba wa Basel, mkataba unaosimamia safari za taka zenye sumu kutoka nchi hadi nchi. Ilikuwa imepita miezi mitatu tu tangu meli iitwayo Probo Koala iteremshe mabaki machafu ya mafuta katika bandari ya Abidjan, yakapakiwa kwenye malori na kumwagwa sehemu mbalimbali za mji, watu wakafa na maelfu kwa maelfu wakakimbilia hospitali. Hasira ilikuwa bado mbichi. Lakini mada iliyokuwa imepangwa mapema kwa mkutano huo ilikuwa nyingine: kompyuta, runinga na simu zilizokwisha kazi. Shirika hilo lilikadiria kuwa dunia ilikuwa ikitupa kati ya tani milioni 20 na milioni 50 za vifaa hivyo kila mwaka.

Nairobi ilikuwa mahali pa kufaa kulizungumzia jambo hilo, kwa sababu pande zake zote zilikuwepo palepale jijini. Kulikuwa na karakana ya Computers for Schools Kenya, asasi iliyoanzishwa mwaka 2002 ikiongozwa na Tom Musili, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini zilifunguliwa, zikasafishwa, zikatengenezwa na kupelekwa shuleni. Na mashariki ya jiji kulikuwa na jaa la Dandora, lililotumika tangu miaka ya 1970, ambako vingi visivyotengenezeka viliishia. Mwaka uliofuata, uchunguzi ulioagizwa na shirika lilelile la Gigiri uliwafikia watoto 328 wanaoishi na kusoma jirani na jaa hilo. Nusu ya waliopimwa walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa. Sumu hiyo haikutoka kwenye kompyuta peke yake, maana Dandora ilipokea uchafu wa kila aina. Hata hivyo, mtoto anayevuta moshi wa jaa hachagui avute moshi wa kitu gani.

Kompyuta yenye umri wa miaka mitano inayotoka London kuja Mombasa ni msaada au ni taka? Na siku itakapokufa kabisa, nani atawajibika nayo? Maswali hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mezani Gigiri, na historia yake ni ndefu kuliko mkutano wenyewe.

Miaka thelathini kabla yasingeeleweka. Kompyuta ilikuwa kitu cha nadra. Tanzania ilipata ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500 iliyotengenezwa Uingereza, ikafungwa Wizara ya Fedha. Kazi ya kuzihamishia humo hesabu za serikali haikwenda vizuri, fedha nyingi za kigeni zikatumika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na runinga. Katika dunia ya namna hiyo hakuna aliyewaza kwamba ipo siku mashine hizo zingejaza majaa.

Mambo yalianza kugeuka Agosti 1981, IBM ilipoleta sokoni kompyuta ya mezani ambayo kampuni nyingine nyingi ziliiga upesi. Bei ikashuka na idadi ikapanda, na umri wa mashine ukafupishwa kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana katika vifaa vya ofisi. Taipureta ilikaa mezani miaka ishirini. Kompyuta ilianza kuitwa ya zamani baada ya minne au mitano, mara nyingi ikiwa nzima kabisa, kwa sababu tu programu mpya zilihitaji kumbukumbu kubwa zaidi. Mwaka 1999 hofu ya tarehe kugeuka kuwa 2000 ilizifanya kampuni na serikali za nchi tajiri kubadilisha mashine nyingi kwa mkupuo mmoja. Maghala yakajaa.

Wakati huohuo nchi hizo zilikuwa zinatambua kilichomo ndani ya skrini za zamani, zile za kichogo. Kioo cha nyuma cha skrini hiyo kina risasi, kwa wastani kilo moja au mbili hivi, iliyowekwa ili kuzuia mionzi isimfikie anayetazama. Kikiwa kizima hakimdhuru mtu. Kikivunjwa na kuachwa mvuani, risasi huingia ardhini polepole. Jimbo la Massachusetts lilikataza skrini hizo kuzikwa majaani mwaka 2000, California ikafuata mwaka 2001, na Januari 2003 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wagharamie ukusanyaji na urejelezaji wa vifaa vyao. Zilikuwa sheria nzuri. Lakini zilipandisha gharama ya kumaliza kompyuta kwa heshima, na pale ambapo bandari haikuwa na mlinzi makini, dalali aliyekuja na kontena akiahidi kuiondoa bure, au hata kuinunua kwa dola chache, alipokewa kwa mikono miwili.

Kontena nyingi za kwanza zilielekea Asia. Februari 2002 asasi mbili za Marekani, Basel Action Network ya Jim Puckett na Silicon Valley Toxics Coalition, zilitoa ripoti kuhusu Guiyu, mji wa mkoa wa Guangdong kusini mwa China. Picha zake zilienea dunia nzima: watu wakipasha madabodi juu ya majiko ya makaa ili waokote vipande vilivyoyeyuka risasi yake, wengine wakichovya vibao katika tindikali kando ya mto ili watoe dhahabu, na kinamama wakivunja skrini kwa nyundo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Shantou baadaye walipima damu ya watoto wa Guiyu na ya watoto wa mji jirani wa Chendian. Wastani wa risasi Guiyu ulikuwa mikrogramu 15.3 katika desilita moja, na Chendian ulikuwa chini ya 10.

Miaka mitatu baada ya ripoti ya Guiyu, Oktoba 2005, Puckett na wenzake walitoa nyingine, safari hii kuhusu Lagos. Walikwenda Ikeja, kwenye mtaa wa maduka uitwao Computer Village, na soko la Alaba. Wafanyabiashara waliwaambia kwamba kontena 500 hivi ziliingia kila mwezi, kila moja ikibeba takriban kompyuta au skrini 800, na kwamba hadi asilimia 75 ya mzigo haikutengenezeka wala kuuzika. Takataka hizo zilikusanywa mabondeni na kuchomwa moto. Wachunguzi walinunua diski kuu sokoni wakazipeleka kwa wataalamu, na humo zikatolewa barua na habari binafsi za watu wa Ulaya na Marekani waliodhani mashine zao zimeteketezwa. Nembo za mali zilizobandikwa na ofisi za umma za Marekani zilikuwa bado ubavuni mwa baadhi ya kompyuta. Kwa watu wa Ulaya na Marekani, naona, hizo diski ndizo zilizotikisa kuliko moshi. Moshi ulikuwa wa wengine. Siri zilikuwa zao.

Ripoti ya Lagos iliufikia mkutano wa Gigiri ikiwa na mwaka mmoja tu, na ilikuta mkataba ambao wenyewe ulizaliwa kwa kisa cha Nigeria. Mwaka 1988 ilifichuka kwamba wafanyabiashara wa Kiitalia walikuwa wameweka maelfu ya mapipa ya kemikali katika kiwanja cha mtu mmoja katika bandari ndogo ya Koko, wakimlipa dola 100 hivi kwa mwezi. Mwaka huohuo meli Khian Sea, iliyokuwa imezunguka bahari tangu 1986 na majivu ya tanuri la taka la Philadelphia, ilimwaga tani zipatazo 4,000 ufukweni Gonaïves, Haiti, kisha ikabadilisha jina mara kadhaa na kuyatupa mengine yote katika Atlantiki na Bahari ya Hindi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitamka kwamba kuzitupa taka hizo barani ni jinai dhidi ya Afrika na watu wake. Tarehe 22 Machi 1989 Mkataba wa Basel ulipitishwa, ukaanza kufanya kazi Mei 1992. Msingi wake ni rahisi: nchi haipelekei nyingine taka zenye sumu bila kuiarifu kwanza na kupata idhini yake kwa maandishi.

Afrika iliona hilo halitoshi. Idhini inaweza kununuliwa, na Koko ilikuwa imeonyesha bei yake. Kwa hiyo Januari 1991, mjini Bamako, nchi za Afrika zilikubaliana mkataba wao, unaokataza kabisa taka zenye sumu kuingizwa barani. Tanzania na Uganda ni miongoni mwa zilizouridhia.

Mikataba yote miwili ilikuwa na tundu moja, nalo ni kubwa. Inahusu taka. Mtumaji aliyeandika kwenye karatasi za mzigo kwamba ndani kuna kompyuta za kutumika tena alikuwa hatumi taka, bali bidhaa, au sadaka. Afisa wa forodha aliyefungua mlango wa kontena aliona ukuta wa skrini zilizopangwa hadi juu, na hakuwa na njia ya kujua ipi inawaka. Gigiri walilijadili tundu hilo siku tano nzima. Mwishowe wakatoa Tamko la Nairobi, wakikubali kwamba taka za kielektroniki ni tatizo la dharura, wakihimiza ushirikiano na watengenezaji, na wakiahidi kupambana na biashara haramu. Jinsi ya kuitofautisha kompyuta ya msaada na ya jaani haikuamuliwa hapo. Ingechukua miaka mingi mingine.

Mafundi hawakungoja. Hawa ndio watu ambao historia hii huwasahau, kwa sababu hawatoi ripoti. Katika karakana za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, swali la kisheria lililowashinda wanadiplomasia lilijibiwa kila asubuhi kwa kuchomeka waya ukutani. Sanduku lilifunguliwa, vumbi likapulizwa. Pawa saplai ilijaribiwa peke yake kwanza, maana ikiwa mbovu inaweza kuua mengine yote. Kisha vibao vya kumbukumbu vikatolewa kimoja kimoja na kurudishwa, migusano yake ikasuguliwa. Diski kuu ilifutwa ikasomwa upya kutafuta sehemu mbovu. Mashine tatu zilizokufa zilitoa moja au mbili nzima, na mabaki yakawekwa rafu ya vipuri. Fundi aliyefanya kazi hiyo mwaka mzima alikuwa na elimu ambayo hakuna chuo kilichoifundisha wakati ule.

Mfano mzuri ni ugonjwa wa kapasita. Kati ya mwaka 1999 hivi na 2007, viwanda vingi vilitumia kapasita zenye maji mabaya ndani, zikawa zinavimba na kupasuka baada ya miaka miwili au mitatu. Kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kurekebisha kompyuta za OptiPlex zilizopata tatizo hilo, na tiba yake ilikuwa kubadilisha madabodi nzima. Kwa ofisi ya nchi tajiri, kompyuta yenye kapasita zilizovimba ilikuwa mzoga. Kwa fundi mwenye chuma cha kulehemu na jicho zuri, zilikuwa kapasita chache za bei ya vocha ya simu, na nusu saa ya kazi. Mtengenezaji alitupa ubao. Fundi alibadilisha kijidudu kimoja juu ya ubao. Naamini hapo ndipo penye kiini cha jambo hili lote: thamani ya kitu kilichokwisha kutumika hutegemea ni nani anayekishika.

Hesabu za wanasayansi ziko upande wa fundi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilitangaza matokeo ya uchunguzi wa Ruediger Kuehr na Eric Williams: kutengeneza kompyuta moja ya mezani na skrini yake ya inchi 17 kulihitaji angalau kilo 240 za mafuta na makaa, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Nishati kubwa zaidi katika maisha ya mashine hiyo ilikuwa imekwisha kutumika kabla mnunuzi hajaiwasha mara ya kwanza, kinyume kabisa cha jokofu, ambalo hula umeme wake mwingi likiwa jikoni. Kuiyeyusha kompyuta ili kurudisha shaba na dhahabu hakurudishi nishati hiyo. Kuitumia miaka mingine minne huirudisha kwa kiasi fulani, kwa sababu mashine mpya haikuhitaji kutengenezwa.

Computers for Schools Kenya ilijengwa juu ya hesabu ya aina hiyo. Ilipokea mashine kutoka ofisi za Kenya na kutoka wafadhili wa nje, wakiwemo Computer Aid International ya London, shirika la hisani lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ambalo lilifuta data na kujaribu mashine Uingereza kabla ya kuzipakia. Hilo ndilo lililotenganisha msaada wa kweli na mzigo wa dalali: kazi ilifanywa upande wa kule, si baada ya kufika. Tena shule haikukabidhiwa sanduku likaachwa. Mafunzo ya walimu na matengenezo vilikuwa sehemu ya mpango, na mashine ilipochoka kabisa asasi ilikubali kuichukua. Kwa wanafunzi wengi wa sekondari wa kizazi hicho, kompyuta ya kwanza kuigusa ilikuwa imekwisha kufanya kazi katika ofisi ya mtu mwingine.

Lakini ukikubali kuzichukua zilizokufa, zinakuja. Na hapo ndipo wema ulipokutana na skrini za kichogo. Kibao cha kompyuta kina dhahabu na shaba, kasha lina chuma na alumini, nyaya zina shaba. Vyote vina mnunuzi. Skrini ya kichogo ina kipande cha shaba shingoni, na kilichobaki ni kioo kizito chenye risasi ambacho hakuna anayekitaka. Fundi wa mtaani hutoa shaba na kuuacha mwili ukivunjika uani. Baadhi ya karakana zilibuni njia ya kuahirisha: ziliunganisha kisanduku cha kunasa matangazo nyuma ya skrini ya kompyuta, ikawa runinga ya bei nafuu kwa familia isiyomudu mpya. Ilikuwa akili nzuri, na iliyaongezea maelfu ya vioo miaka kadhaa ya kuwa na faida. Haikuviondoa.

Uganda ilijaribu njia nyingine. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2009 serikali ilitangaza marufuku ya kuingiza majokofu, runinga na kompyuta zilizotumika. Kwa majokofu sababu ilikuwa wazi, kwani mengi yalikuwa na gesi zinazoharibu tabaka la ozoni na yalikula umeme mno. Kwa kompyuta mambo hayakuwa rahisi hivyo. Shule na asasi zilizotegemea mashine za mitumba zililalamika kwamba mpya zilikuwa na bei wasiyoiweza, na baadaye kompyuta zikaondolewa katika marufuku hiyo. Siwalaumu walioitunga. Waliziona picha za Lagos kama kila mtu, nao walikuwa na jukumu la kuzuia zisipigwe Kampala. Tatizo ni kwamba marufuku ya jumla inamfungia mlango mleta mashine nzima sawasawa na mleta mizoga, na huyu wa pili ndiye anayejua njia za panya.

Ilihitajika kuhesabu, na kuhesabu kulichelewa. Asilimia 75 ya Lagos ilikuwa makisio ya wafanyabiashara, ikarudiwa miaka na miaka kana kwamba mtu alisimama bandarini na daftari. Mtu alisimama kweli miaka kumi baadaye. Mwaka 2015 na 2016, Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na kituo cha Mkataba wa Basel cha Ibadan viliweka wachunguzi katika bandari za Lagos. Walikuta tani zipatazo 60,000 za vifaa vya umeme vilivyotumika zikiingia kwa mwaka, sehemu kubwa zikiwa zimesokomezwa ndani ya magari ya mitumba, na angalau asilimia 19 ya vifaa ikiwa haifanyi kazi. Asilimia 19 ya tani 60,000 si jambo dogo. Ni zaidi ya tani 11,000 za mizoga kwa bandari za mji mmoja. Lakini si robo tatu. Na ripoti ya awali ya mkataba kuhusu nchi tano za Afrika Magharibi ilikuwa imeonyesha jambo la kutufikirisha zaidi: kati ya nusu na asilimia 85 ya taka za kielektroniki katika nchi hizo zilitokana na matumizi ya wenyeji, ya vifaa vipya na vya mitumba, baada ya kuvitumia wao wenyewe mpaka vikaisha.

Hilo linatuhusu sisi moja kwa moja. Picha ya tajiri akimtupia maskini takataka ni ya kweli, na waliohusika na Koko na Abidjan hawastahili kusahauliwa. Ila picha hiyo peke yake inatufanya tusitazame kabati zetu. Kompyuta za wizara zetu, benki zetu na vyuo vyetu, zilizonunuliwa mpya kwa zabuni, nazo zinakufa. Nyingi zimefungiwa stoo miaka kumi kwa sababu utaratibu wa kuziondoa kwenye daftari la mali ni mgumu, na siku zikitoka zinakuwa hazifai hata kwa vipuri.

Kenya ilitoa miongozo ya taka hizi kupitia mamlaka yake ya mazingira, NEMA, mwaka 2010. Miaka miwili baadaye, kutokana na kazi ya Computers for Schools Kenya, kikaanza kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi, ambacho kazi yake si kutengeneza tu bali kufungua mashine kwa mkono na kutenga kila kitu: chuma, alumini, plastiki, nyaya, betri, vibao. Rwanda ilijenga kiwanda cha namna hiyo wilayani Bugesera, na uendeshaji wake ukakabidhiwa Enviroserve, kampuni yenye asili ya Dubai. Hakuna moshi katika kazi hiyo ikifanywa vizuri. Bisibisi na mikono hutenganisha vizuri kuliko mashine ya kusaga, na tofauti kati ya mfanyakazi huyu na kijana anayechoma nyaya katika yadi ya Agbogbloshie kule Accra, Ghana, ni glavu, barakoa, meza yenye taa, na mshahara usiotegemea uzito wa shaba aliyoichoma.

Agbogbloshie lazima itajwe. Nyaya zilizofunikwa plastiki zikichomwa hutoa dioksini, sumu inayokaa katika mafuta ya viumbe kwa miaka. Mwaka 2019 wachunguzi walipima mayai ya kuku waliokuwa wakiparura ardhi ya mahali hapo. Yai moja lilikuwa na dioksini mara 220 ya kiasi ambacho mamlaka ya chakula ya Ulaya inakiruhusu kwa mtu kwa siku. Julai 2021 serikali ya Ghana ilivunja yadi ile. Wachomaji hawakutoweka. Walitawanyika katika vitongoji, na sasa ni vigumu zaidi kuwafikia kwa glavu au kwa daktari.

Hata kituo kizuri kabisa hapa kwetu hakimalizi safari. Tani moja ya madabodi inaweza kuwa na dhahabu gramu 200 au zaidi, ambapo tani ya mawe ya mgodi mzuri hutoa gramu chache tu. Lakini kuitoa dhahabu hiyo bila kumwaga sumu kunahitaji matanuri makubwa kama yale ya Umicore mjini Hoboken, Ubelgiji, au Boliden huko Rönnskär, Sweden. Kwa hiyo vibao vinavyotengwa Afrika Mashariki hupakiwa tena kwenye kontena na kupelekwa Ulaya. Kompyuta iliyokuja kwa bahari inarudi kwa bahari, vipandevipande.

Sheria nayo iliendelea kusogea. Mwaka 2015 nchi wanachama wa Basel zilikubali kwa muda mwongozo wa kutofautisha bidhaa na taka: kifaa kinachosafirishwa kwa matumizi kiwe kimejaribiwa, kiwe na karatasi za jaribio hilo, na kifungwe kisivunjike njiani. Kikabaki kipengele cha vifaa vinavyosafirishwa ili vikatengenezwe, na nchi nyingi za Afrika zilikiona, kwa haki, kuwa ni tundu lilelile kwa jina jipya. Desemba 2019 marekebisho yanayozikataza nchi tajiri kupeleka taka zenye sumu kwa maskini, yaliyopitishwa tangu 1995, hatimaye yalianza kufanya kazi baada ya Croatia kuyaridhia miezi mitatu kabla. Kisha Juni 2022, kwa pendekezo la Ghana na Uswisi, ikakubaliwa kwamba taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zitahitaji idhini ya nchi inayopokea. Hilo lilianza tarehe 1 Januari 2025.

Idhini hiyo inamgusa pia anayefanya vizuri. Kituo cha Nairobi au cha Bugesera kinachotaka kupeleka vibao vyake Ubelgiji nacho lazima kipate saini za kila nchi ambamo kontena linapita, na barua hizo zinaweza kuchukua miezi mingi huku vibao vikikaa ghalani na fedha zikiwa zimefungwa humo. Mkusanyaji wa vyuma chakavu wa mtaani analipwa papo hapo, taslimu. Kituo kikishindwa kumlipa, atapeleka vibao kwa mwenye tindikali. Ningependa kuona serikali zetu zikitoa fedha za kuwanunulia vibao na skrini watu hawa, kwa kutumia tozo ambayo sheria za wajibu wa mtengenezaji, kama ile ya Kenya ya mwaka 2022, zinaruhusu kutoza. Skrini ya kichogo ilipiwe ikiwa nzima, haijavunjwa.

Mzigo mwingine uko njiani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya kawaida, na mamilioni ya kompyuta duniani hayana sifa za kupokea toleo linalofuata, ingawa yanafanya kazi na yanaweza kuendeshwa miaka mingi kwa Linux. Ofisi za Ulaya zinayaondoa. Baadhi yake yatafika Kilindini na Dar es Salaam, na yatakayojaribiwa na kufungwa vizuri yana haki ya kupokewa. Afisa wa forodha wa leo, tofauti na mwenzake wa mwaka 2006, anaweza kudai karatasi ya jaribio la kila mashine. Na akikuta kwamba mzigo ni taka iliyopewa jina la bidhaa, kifungu cha tisa cha Mkataba wa Basel kinaitaka nchi ulikotoka ihakikishe umerudishwa ndani ya siku 30, na mtumaji ndiye wa kuurudisha.